Vidirisha vya Łódź: namna ya kufundisha Polandi na bado ukatengeneza muziki wa majaribio

Walimu wa Polandi wana neno lao, okienko, yaani kidirisha. Ni ule muda usiolipwa ulio kati ya kipindi na kipindi: umemaliza saa nne na nusu asubuhi, darasa linalofuata ni saa saba, nyumbani ni mbali na nje kunanyesha. Wenzangu hukitumia kidirisha kusahihisha madaftari au kulalamika. Mimi nimeishi Łódź miaka saba nikifundisha Kiingereza, na Kiswahili pale kinapotakiwa, na karibu kila kipande cha muziki nilichowahi kukitoa kimekatwa na kuunganishwa ndani ya vidirisha hivyo, kwenye benchi la korido, hedifoni masikioni.

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina yangu. Unapenda sauti ambazo shangazi zako wanaziita makelele: mvumo wa friji, redio iliyokosa stesheni, kaseti iliyovutika. Tena unafikiria kwenda kufundisha Ulaya ili maisha yaende. Inawezekana. Ila fahamu mapema kwamba ualimu ndio utakaoamua muziki wako uwe wa namna gani, mrefu au mfupi, wa kishindo au wa mnong'ono. Anayelikubali hilo hupata kazi ya kuonyesha. Anayengoja wikiendi tupu ya kujifungia studio atangoja hadi Juni.

1. Chagua mji kwa masikio na kwa mfuko

Warszawa ndiko historia iliko. Mwaka 1957, kamba za siasa zilipolegea kidogo baada ya Stalin kufa, Redio ya Polandi ilifungua Studio ya Majaribio chini ya Józef Patkowski. Studio za namna hiyo duniani zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Msanifu Oskar Hansen aliichorea chumba chenye vibao vya ukutani vinavyogeuzwa, upande mmoja unameza sauti, mwingine unairudisha. Studio ilifungwa 2004, lakini watu waliolelewa na rekodi zake bado wamejaa mjini. Tamasha la Warszawska Jesień lipo tangu 1956 na hufanyika Septemba. Shule za lugha ni nyingi. Kodi ya nyumba nayo ni ya kukutoa machozi.

Kraków ina matamasha mawili: Unsound, lililoanza 2003 na hufanyika Oktoba, na Audio Art, la tangu 1993. Wrocław ina WRO, ya sanaa ya video na sauti, tangu 1989. Bydgoszcz ni mji mdogo ila una klabu ya Mózg, maana yake Ubongo, iliyofunguliwa 1994, na wapigaji wa Polandi wanaitaja kwa heshima. Poznań ni kwa anayetaka kuwa karibu na Berlin, takriban saa tatu kwa treni. Berlin ndiko alikohamia KMRU wa Nairobi, anayetengeneza muziki kwa sauti za mitaani na za mvumo, na ukweli ni kwamba matamasha ya huko yana pesa zaidi kidogo kuliko ya huku.

Mimi nilichagua Łódź. Jina hilo kwa Kipolandi ni mashua, na mji hauna bahari wala mto wa kuogelea bata. Mtu wa Tanga hulicheka hilo wiki nzima. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, viwanda vikafa baada ya 1989, yakabaki majengo ya matofali mekundu na kodi nafuu kuliko ya Warszawa. Treni ya kwenda Warszawa haifiki saa moja na nusu. Ukisikia onyesho zuri la Alhamisi unaweza kwenda, mradi Ijumaa asubuhi hujapangiwa darasa.

2. Karatasi kabla ya maikrofoni

Sehemu hii haina ladha, tuipite haraka lakini tusiiruke.

Kama huna uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, unahitaji viza ya taifa ya aina ya D na, kwa kawaida, kibali cha kazi. Kibali huombwa na mwajiri kwa mtandao, huombi wewe. Kinakufunga kwa mwajiri yule na kazi ile. Sheria mpya ya kuajiri wageni ilianza kutumika 1 Juni 2025, kwa hiyo ushauri wa rafiki aliyekuja 2019 usiuchukue mzima mzima. Muulize mwajiri swali moja la msingi: je, shule yake imo ndani ya mfumo rasmi wa elimu, system oświaty, au ni kampuni ya kozi tu? Kwa miaka mingi kanuni zimezitenga hizo mbili, na za kwanza zilikuwa na nafuu kwa walimu wa lugha za kigeni. Jibu lake litakuonyesha pia kama mwajiri mwenyewe anajua anachofanya.

Shule ikikwambia uje kwa viza ya utalii, "halafu tutaona", ifute kwenye simu.

Ubalozi wa Polandi upo Nairobi na Dar es Salaam. Piga simu kwanza uulize viza ya D unaiombea wapi.

Beba cheti cha tabia njema cha polisi wa kwenu. Tangu 2024 mtu yeyote anayefanya kazi na watoto Polandi lazima achunguzwe, na mgeni hudaiwa cheti cha nchi ya uraia wake, pamoja na nchi nyingine alizowahi kuishi. Ukikisahau, kukifuatilia kutoka Łódź ni kumsumbua kaka yako foleni ya wiki mbili. Vyeti vya shahada navyo vitahitaji tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, tłumacz przysięgły, kwa hiyo usipoteze pesa kutafsiriwa na binamu. Kama huna cheti cha kufundisha Kiingereza, CELTA inafahamika na kila mkuu wa shule. Kozi za mtandaoni za bei chee wanazitazama tu.

Ukifika, chukua namba ya PESEL, ile ya utambulisho wa kila mkaazi, kwenye ofisi ya mji. Bila hiyo kila dirisha la ofisi litakurudisha. Kadi ya ukaazi unaiomba kabla viza haijaisha, na unajizoeza subira.

3. Soma mkataba kama unavyosikiliza mkanda, mara tatu

Mikataba utakayokutana nayo ni mitatu. Umowa o pracę ni ajira kamili yenye likizo ya malipo. Ukiipata, shika kwa mikono miwili. Umowa zlecenie ndiyo ya walimu wengi wa kozi: unalipwa kwa saa ulizofundisha, hakuna darasa hakuna pesa, na mara nyingi huanza Oktoba na kuisha Juni. Umowa o dzieło ni ya kazi iliyokamilika, kama kipande cha muziki au onyesho, tutaikuta mbele.

Shule yangu ya kwanza, jina nalihifadhi, iliniahidi malipo "kwa saa". Nikafundisha vipindi 24 kwa wiki, nikapiga hesabu ya saa 24. Mwisho wa mwezi nikalipwa saa 18 kwa kila wiki. Kipindi cha Polandi ni dakika 45, na shule ilikuwa inalipa kwa saa ya dakika 60. Hakuna aliyenidanganya, mkataba ulisema hivyo hivyo, ukurasa wa pili, maandishi ya sisimizi. Kwa hiyo uliza: saa yenu ni ya dakika ngapi? Nauli ya kwenda kufundisha kwenye makampuni analipa nani? Mwanafunzi akighairi asubuhi ya siku hiyo hiyo, nalipwa? Kwa kipimo, kiwango cha chini cha kisheria kwa saa kwenye zlecenie kilikuwa zloti 30.50 mwaka 2025, na 31.40 kuanzia Januari 2026. Shule inayokupa kitu cha kukaribia hapo inakuchezea.

Halafu, kabla ya kusaini, omba kuiona ratiba. Hapa ndipo muziki wako unapozaliwa au kufa. Usikimbilie ratiba iliyobanwa isiyo na kidirisha hata kimoja, maana utarudi jioni ukiwa umekauka koo na kichwa hakitaki hata kusikia maji yakichemka. Mimi naridhika na ratiba ya saa 20 hivi kwa wiki yenye vidirisha viwili vya saa nzima au zaidi. Kidirisha cha dakika 15 ni cha kwenda chooni tu.

4. Jiandae na neno "native"

Matangazo mengi yanataka "mzawa wa lugha". Wewe umesoma kwa Kiingereza tangu sekondari, pengine unakijua kuliko kijana wa Manchester aliyekuja kunywa bia, lakini barua pepe yako haitajibiwa. Inauma. Nilichofanya ni kwenda kwa miguu: suruali iliyopigwa pasi, barua mkononi, nikaomba kufundisha kipindi cha bure mbele ya mkuu wa shule. Kati ya shule sita mbili zilinikubali. Watoto wakishacheka, jina la pasipoti linasahaulika. Tramu ya usiku nayo ina mambo yake. Pengine utasikia neno baya kutoka kwa mlevi. Hamia behewa la mbele kwa dereva, na namba ya dharura ni 112.

Usikiache Kiswahili nyumbani. Wapolandi wanaenda Zanzibar kwa ndege nzima nzima, na kabla ya safari wapo wanaotaka kujua zaidi ya jambo na hakuna matata. Chuo Kikuu cha Warszawa kimekuwa kikifundisha Kiswahili kwa miongo mingi, na Mpolandi Rajmund Ohly, mtaalamu wa lugha yetu, alifanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tena kuna Tengeru. Maelfu ya Wapolandi waliohamishiwa Siberia na Stalin walipitia Iran na kufikishwa Afrika Mashariki kuanzia 1942, wengi wao wanawake na watoto, na kambi kubwa ilikuwa pale Tengeru karibu na Arusha. Makaburi yao yapo hadi leo. Ukisema unatoka Tanzania, mzee mmoja kati ya kumi atalitamka neno Tengeru kabla hujamaliza. Hiyo ni kahawa na maandazi ya kwao, na mara nyingine ni mwanafunzi mpya.

5. Nyumba, majirani na kijiko

Utapanga kwenye blok, ghorofa la zege la enzi za ujamaa. Zege lile linabeba sauti kama ngoma inavyobeba mkono. Utulivu wa usiku, cisza nocna, kwa desturi ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na ukiuvunja jirani anaweza kuita polisi. Hata mchana usijione mfalme.

Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa na spika mbili na ujinga mwingi. Jioni moja, kama saa mbili, naucheza mvumo wa chini nilioutengeneza kwa kaseti, nikasikia ko, ko, ko. Kimya. Kisha tena ko, ko, ko. Haukuwa mlango. Ilikuwa kaloryfer, ile mashine ya maji ya moto ya kupasha chumba, inalia yenyewe chini ya dirisha. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa analigonga bomba kwa kijiko, na bomba linapita nyumba zote. Ndivyo Wapolandi wa maghorofa wanavyosema punguza.

Nikazima spika. Kisha, Mungu anisamehe, nikaweka kinasa sauti juu ya bomba na kuziwasha tena.

Kesho yake dhamiri ikanisuta. Nikanunua keki ya jibini, sernik, nikashuka na hedifoni mfukoni. Akafungua bibi wa miaka themanini hivi, mfupi, na aproni ya maua. Moyoni nilimwita bibi, mdomoni nikasema "proszę pani" kama inavyotakiwa. Nikaomba radhi kwa Kipolandi changu cha kuokoteza, nikamwomba asikilize kilichokuwa kinamsumbua. Akavaa hedifoni juu ya kitambaa. Akasikiliza mvumo, na juu yake vijiko vyake mwenyewe. Uso haukusogea. Mwisho akasema kitu nikakielewa nusu, ikabidi arudie polepole: alikuwa mfumaji kiwandani miaka thelathini na moja, zamu ya usiku, na ukumbi wa mitambo ulikuwa unalia hivyo hivyo, ila kwa nguvu zaidi. Akataka niongeze sauti.

Tangu siku ile tulikuwa na makubaliano: spika ni Jumamosi, saa nane hadi saa kumi mchana, siku nyingine hedifoni. Fanya hivyo mapema wewe, kabla ya kijiko. Panda na ushuke ngazi, jitambulishe, taja siku na saa.

6. Vifaa: nunua vichache, vibovu kiasi

Kinasa sauti cha mkononi chenye maikrofoni mbili. Hedifoni za kufunika sikio lote, kwa sababu korido ya shule ina watoto mia mbili. Laptopu yoyote inayowaka. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha mwaka mzima wa kwanza. Ukishaichoka, Reaper ni nafuu na ina muda wa kujaribu. Vidude viwili vitatu vya piezo, vile visahani vya shaba vya kengele za kielektroniki, uvichomee waya kwa lehemu na jeki mwishoni. Hiyo ndiyo maikrofoni ya kubandika: inasikia mtetemo wa kitu chenyewe, haisikii hewa. Bei yake ni chini ya kahawa.

Vishawishi vitakuja. Polandi imejaa mitambo ya zamani ya Unitra, vifaa vya sauti vya enzi za ujamaa, na kwenye OLX, soko la mtandaoni, kila siku kuna mtu anauza magnetofoni ya mkanda wa reli mbili iliyokuwa ya babu. Nilinunua moja, nikaibeba toka ghorofa ya nne, mgongo ukauma siku tatu. Ndani mipira ya kuzungushia ilikuwa imegeuka lami. Kama unaitaka, sharti muuzaji aiwashe mbele yako na mkanda uzunguke dakika tano kwa kasi ileile. Akisema "ilikuwa inafanya kazi", muage kwa heshima.

Sintetiza za moduli, zile kabati za nyaya, ziache. Haziingii kwenye begi la mwalimu, na kisichoingia kwenye begi hakitaingia kwenye kidirisha.

7. Kipande cha kwanza: sauti moja tu

Mwaka 1959, kwenye studio ile ya Warszawa, Włodzimierz Kotoński alitengeneza kipande kisichofika dakika tatu kwa pigo moja la toazi, ile sahani ya shaba ya mpiga ngoma. Pigo moja, limerekodiwa, likachujwa sauti nene na nyembamba, likabadilishwa kasi, likakatwa na kupangwa kwa hesabu. Fundi aliyekuwa naye, Eugeniusz Rudnik, baadaye akawa mtunzi mwenyewe, na alikuwa na tabia ninayoipenda kuliko zote: aliokota vipande vya mkanda vilivyokatwa na kutupwa na wahariri wa redio, akavitengenezea muziki. Wewe utaokota muda kama yeye alivyookota mkanda.

Zoezi linahitaji vidirisha vitano. Usijaribu kulimaliza siku moja.

Kidirisha cha kwanza ni cha kurekodi, na hiki ufanye nyumbani. Ngoja vuli, siku wenye jengo wanapofungulia maji ya moto kwa mara ya kwanza. Bandika piezo kwenye kaloryfer kwa utepe. Kwanza hutasikia kitu, halafu mbali sana kama mtu anakohoa ndani ya kisima, kisha maji yanapanda, chuma kinatanuka na kutoa mlio mmoja mkavu: tak! Rekodi dakika kumi. Katika dakika kumi hizo unatafuta tak moja iliyo safi, isiyofika sekunde mbili. Nyingine zote futa. Ndiyo, futa, ukizihifadhi utazirudia.

Kidirisha cha pili, tengeneza ndugu zake. Punguza kasi nusu: sauti inashuka oktavu moja na kudumu mara mbili. Punguza tena nusu. Ongeza kasi mara mbili. Igeuze icheze kinyume. Ichuje ibaki nene tu, kisha nyembamba tu. Na ya mwisho, ambayo wengi huisahau: kata kichwa chake, yaani lile pigo lenyewe, ubakishe mkia. Mkia ule ukishushwa oktavu mbili hautambuliki kabisa kama ni bomba. Unakuwa kama adhana ya mbali iliyopotezwa maneno na upepo.

Cha tatu, vipange ndani ya dakika tatu. Sheria ni moja: hakuna sauti ya nje. Mwangwi wa kompyuta usiuguse. Kama pana pengo, liache liwe pengo. Mimi huanza na mkia na kuificha tak halisi hadi dakika ya pili, ili msikilizaji aijue familia kabla ya kumwona mzazi.

Kidirisha cha nne ni cha kufuta. Toa theluthi. Utahisi unajikata kidole.

Cha tano, sikiliza kwa spika ya simu ukiwa kituo cha tramu. Kipande kikisimama hata hapo, kimesimama.

Kwa mwalimu zoezi hili si geni. Ni kama kumfundisha mtoto sentensi moja: unaisema polepole, haraka, kwa kunong'ona, nusu yake, kinyume chake kama swali, mpaka inakuwa yake.

8. Darasani usirekodi watoto

Utatamani. Watoto ishirini wa miaka saba wakijaribu kuitamka th ya Kiingereza kwa pamoja wanatoa sauti ya tairi linalovuja, na hakuna kifaa duniani kinachoweza kuiiga. Usirekodi. Sheria ya kulinda taarifa za watu, ambayo huku wanaiita RODO, inachukulia sauti ya mtu kuwa taarifa yake binafsi, na kwa mtoto unahitaji idhini ya mzazi, heri iwe kwa maandishi. Hata ukiipata, mkuu wa shule hatapenda. Chukua vilivyo baki baada ya kengele: viti vinavyoburutwa ukiviburuta mwenyewe, kalamu ya ubao mweupe inayokauka, radiata ya korido, kengele yenyewe. Omba ruhusa ya mkuu, useme ni mradi wa sanaa. Watakuona wa ajabu kidogo. Wanakuona hivyo tayari.

Wanafunzi wakubwa ni jambo lingine. Wakitaka kuzungumza Kipolandi chao mbele ya kinasa sauti, wape zamu. Lugha yenye mji unaoitwa Szczebrzeszyn, ambako konsonanti zimepangwa kama watu kwenye daladala ya jioni, ni hazina kwa mtu aliyelelewa na lugha ambayo karibu kila silabi huishia kwenye irabu. Niliwahi kutengeneza dakika nne nzima kwa pumzi zilizo kati ya sz na cz.

9. Onyesho la kwanza

Nenda kwenye maonyesho ya wengine, uende mara kumi kabla ya kuomba lako. Hadhira za muziki huu ni ndogo, watu ishirini, arobaini, wanajuana, na sura yako wataikumbuka, utake usitake. Baada ya onyesho msaidie mtu kukunja waya. Kazi hiyo imenipatia maonyesho mengi kuliko barua pepe zote nilizoandika. Ukiulizwa unafanya nini, jibu fupi, toa kiungo cha kipande cha dakika tatu, usitoe cha dakika arobaini. Omba nafasi ya dakika ishirini ya kufungua jioni.

Malipo ya mwanzo ni mgawo wa mlangoni, au supu. Ukilipwa rasmi, mara nyingi ni kwa umowa o dzieło, na kazi yenye hakimiliki hupewa nafuu ya kodi: asilimia 50 ya mapato huhesabiwa kuwa gharama. Hakikisha mkataba unataja hakimiliki, la sivyo nafuu hiyo huipati. Na kumbuka kibali chako cha kazi ni cha shule. Kanuni zimekuwa zikiruhusu mgeni kutoa huduma za kisanii hadi siku 30 kwa mwaka bila kibali kingine. Isome ilivyo mwaka wako kabla ya kusaini, na hesabu siku zako kwenye daftari. Vipande vyako unaweza kuvisajili ZAiKS, chama cha haki za watunzi kilichopo tangu 1918. Tamko la kodi la mwaka, PIT, mwisho ni 30 Aprili.

Siku yenyewe, fika mapema ukiwa na orodha ya mahitaji ya mistari mitatu: meza, soketi mbili, jeki mbili za kuingia kwenye miksa. Onyesho langu la kwanza lilikuwa kwenye ghala la kiwanda, watu kumi na mmoja, nilihesabu. Dakika ya sita piezo ikakaribia spika na ikaanza kupiga mluzi. Kwenye harusi ya Tanga mluzi kama ule ukitokea, fundi mitambo anaruka viti na mc anatupa lawama kwa kipaza sauti. Hapa hakuna aliyetikisika. Nikausogeza mkono, mluzi ukapanda, nikauondoa, ukashuka, basi nikaucheza hadi mwisho kama niliupanga. Fundi mitambo alinifuata baadaye kuniuliza ni kifaa gani kile.

Kimya chao usikiogope. Hadhira ya Polandi haipigi vigelegele katikati, haiitikii, haikai na simu. Wanatazama sakafu. Nilidhani nimewaudhi, hadi mmoja akaja kunieleza, kwa utaratibu wa mtu anayesoma risiti, sekunde ipi aliipenda.

10. Panga mwaka kwa kalenda ya shule

Septemba kazi inaanza polepole, wakati huohuo Warszawa kuna tamasha: nenda. Oktoba Unsound, lakini wiki hiyo hiyo madarasa yamejaa, kwa hiyo chagua usiku mmoja. Novemba mosi mji mzima unahamia makaburini na mishumaa. Beba kinasa sauti ukitaka, kaa mbali na familia, rekodi nyayo kwenye majani. Januari au Februari kuna wiki mbili za likizo ya baridi, ferie, tarehe hutegemea mkoa, na hizo ndizo za kazi ndefu ya muziki. Machi na Aprili wazazi wanakumbuka kwamba mitihani ni Mei, ya darasa la nane na matura, yaani wa kumaliza sekondari, na kila mtu anataka masomo ya ziada. Pokea yale ambayo kibali chako kinayaruhusu, na theluthi ya pesa za miezi hiyo iweke mbali, maana Julai na Agosti akaunti ya mwalimu wa zlecenie ni jangwa. Agosti kuna Sanatorium Dźwięku, tamasha la sauti kwenye kijiji cha Sokołowsko milimani, ambako zamani waliletwa wagonjwa wa kifua. Beba hema.

Masikio na koo ni mtaji mmoja. Siku yenye vipindi sita usifanye sauti kubwa usiku, na kwenye maonyesho vaa vizibo vya masikio bila aibu. Desibeli 85 kwa saa nane ndio mpaka wanaoutumia kazini, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda salama unakatika nusu.

Ratiba mpya hunifikia wiki ya mwisho ya Septemba. Ninaichapisha, ninaibandika kwenye friji, na kabla sijasoma majina ya madarasa ninavitia vidirisha rangi ya njano. Mwaka huu vipo vitatu. Cha Jumanne ni cha dakika 95, kwenye jengo lenye lifti ya zamani inayolia kila ikipita ghorofa ya pili. Piezo ipo tayari kwenye begi.